URAMBO: NILIPOPIGA KELELE 'KICHAA!' USIKU WA MANANE

Mtoto wa mjini anajua mambo mengi. Anajua daladala ipi ina konda mkorofi, chipsi za wapi zimekaangwa kwa mafuta ya juzi, na nani kagombana na nani mtaa mzima. Lakini mweke mbele ya mbwa anayetweta ulimi nje, udenda unachuruzika, anafukua ardhi kama katumwa hazina na macho yamemtoka pima, halafu muulize: huyu ana nini? Jibu analo moja tu. Kichaa!

Mimi ndilo nililotoa, tena kwa sauti ambayo nadhani ilisikika mpaka Kaliua. Nusura niue.

Ngoja nikupe mkanda mzima, msomaji.

Mwisho wa Februari rafiki yangu mmoja wa Ilala aliniomba nimsindikize Urambo. Ana baba yake mdogo huko, mkulima wa tumbaku, na alikuwa anampelekea paneli ya umeme wa jua. Mimi Tabora nilikuwa naijua kwa asali na maembe, na kwa zile habari za shule ya msingi za misafara ya pembe za ndovu na watumwa. Nikasema twende, liwalo na liwe.

Kutoka Tabora mjini mpaka Urambo ni kama kilomita 90 kuelekea machweo, barabara ya lami. Ukitaka raha ya macho panda treni ya Kigoma, inapita Usoke, Urambo, kisha Kaliua. Reli hiyo Wajerumani waliifikisha Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Sisi tulikuwa na paneli ya kubebwa kama yai, tukachukua basi. Dirishani ni miombo mpaka unachoka. Miti, miti, mzinga wa nyuki unaning'inia juu, miti tena, halafu ghafla shamba la tumbaku lenye majani mapana kama masikio ya ndovu. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha na kila kitu kilikuwa kijani cha kuumiza macho.

Sasa, ndani ya basi nyuma yangu alikaa mzee mmoja mwenye maneno. Akaanza kusimulia habari ya mbwa aliyeshikwa na kichaa huko vijijini, aking'ata hovyo, mpaka watu wakamwinda kwa mishale. Aliieleza habari hiyo kwa ufundi, udenda na macho mekundu na kila kitu. Mimi nikaisikiliza yote na kuihifadhi kichwani. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa balaa.

Tulifika kwa baba mdogo jioni, kwa bodaboda mbili, kilomita chache nje ya mji. Shikamoo, marahaba, karibuni wanangu, maji ya kunawa haya hapa. Mama mdogo akatuwekea ugali na nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, yameungwa kwa karanga. Nilikula mpaka nikaona aibu. Baada ya hapo zikaja chai na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa vikawa kama pipi ya kutafuna. Mtu asikudanganye kwamba Wanyamwezi ni asali tu.

Nikawa natafuta pa kulaza ubavu, baba mdogo akacheka. "Usiku wa leo hakuna kulala. Bani la kwanza la msimu limewashwa."

Kwa mliozaliwa kwenye lami: bani ni nyumba ndefu kwenda juu, ya tofali, ambamo majani ya tumbaku hufungwa kwenye fito na kuning'inizwa ngazi kwa ngazi. Chini kuna tanuri la kuni, na joto hupita ndani ya mabomba ya bati. Moto unachochewa usiku na mchana karibu wiki nzima. Unaanza na joto dogo la digrii 35 hadi 38 ili majani yageuke njano, kisha unapandisha taratibu mpaka mwisho kwenye digrii 70 hivi, vikonyo navyo vikauke. Ukipandisha haraka, majani yanaungua yakiwa mabichi. Ukizubaa, yanaoza. Kwa hiyo ndani ya bani kuna kipimajoto kinaning'inia, na nje kuna vijana wawili watatu wanaokaa macho, mmoja anachochea, mwingine anapiga stori.

Shikilia hiyo digrii 38, tutairudia.

Ilikuwa yapata saa tano usiku nilipokwenda nyuma ya bani kwa haja ndogo. Nikawasha tochi ya simu. Mita nne mbele yangu, chini ya ukuta ambako kuna joto, nikaona macho mawili yanawaka. Mbwa. Mwili wote unatetemeka. Ulimi nje, anahema kama treni ya mizigo inayopanda mlima. Udenda. Amefukua shimo la kuenea mtu mwembamba, na bado anafukua, anageuka, analala, anainuka, anafukua tena. Nikapiga hatua moja. Akanionyesha meno.

Yule mzee wa kwenye basi akanijia kichwani na habari yake nzima.

"Kichaa! Jamani mbwa wa kichaa!" Halafu nikachapa lapa, mbio ambazo hata Filbert Bayi angeniuliza siri yake. Kiatu kimoja kilibaki kule kule.

Vijana wa bani hawakuuliza mara mbili. Kule kichaa cha mbwa si hadithi ya kutisha watoto, watu wameshazika watu. Mmoja akashika fito nene ya tumbaku, mwingine panga, wakazunguka ukuta huku na huku. Yule wa fito alikuwa ameshainua juu ya kichwa aliposikika mama mdogo anakuja anakimbia, kanga mkononi. "We! Watasema huyo! Watasema!"

Mimi nikadhani anasema watu watasema. Kumbe ndilo jina la mbwa. Alipewa kwa ajili ya jirani fulani mwenye mdomo, na hiyo nayo ni habari ya siku nyingine.

"Shusha hiyo fito," mama mdogo akasema. "Ukimpiga huyo umeua sita."

Fito ikashuka. Mama mdogo akachuchumaa pale pale, akaita jina kwa sauti ya chini, na yule mbwa wangu wa kichaa akatikisa mkia mara moja, akamlamba mkono, akarudi kufukua. Ndiyo nikaelewa, na uso ukanishuka kwa aibu. Mbwa alikuwa na uchungu wa kuzaa.

Hapo nikaanza kusoma shule ambayo mjini hakuna. Wengi wetu tumekua mbwa wakiwa nje ya maisha yetu. Wengine kwa dini zetu hatumgusi, wengine tunamjua yule tu wa nyuma ya geti lenye kibao cha mbwa mkali. Nani amewahi kukaa na mbwa mwenye mimba akamwangalia vizuri? Mama mdogo alikuwa anaangalia tangu Krismasi.

Tena kwa hesabu. Watasema alipandwa tarehe 27 Desemba. Anakumbuka kwa sababu madume ya kijiji kizima yalifanya mkutano uani wakati wageni wa sikukuu bado wapo. Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi, inaweza kupungua mpaka 58 au kuongezeka mpaka 68 ukihesabu tangu siku ya kupandwa. Chukua kalenda uhesabu kutoka 27 Desemba: 63 inaangukia 28 Februari. Usiku ule ule niliokwenda kukojoa.

Kisha akaniita nisogee, polepole, nikae upande wake na nisimkazie mbwa macho. Akaweka taa chini.

"Ona ubavu wake hapa karibu na kiuno. Juzi ulikuwa umejaa, leo umebonyea. Mzigo umeshuka chini." Kweli, mifupa ya nyonga ilikuwa imechomoza na shina la mkia limelegea, kama kamba iliyofunguliwa fundo. Akakamua chuchu moja kidogo, tone jeupe likatokea. Maziwa peke yake, akasema, yasikudanganye. Jike mwingine huyapata siku kadhaa kabla, mwingine ndiyo anazaa. Kuna na majike ambao hawana mimba kabisa lakini miezi miwili baada ya joto lao wanatoa maziwa, wanafukua na kubeba viatu vya watu kama watoto. Kwa hiyo unaangalia vitu kwa pamoja. Nyuma palikuwa pamevimba na kulegea, na ute wa maji maji usio na rangi unatoka. Tangu asubuhi alikuwa ameukataa ugali wa dagaa, na mbwa huyo, kwa maelezo ya baba mdogo, hajawahi kukataa chakula toka azaliwe. Anatetemeka, anatweta, anageuka kuangalia ubavu wake kama kuna mtu kamwita. Na kufukua. Kufukua ndiko anakotengenezea kitanda.

"Sasa wewe uliona nini?" akaniuliza.

Nikakaa kimya. Niliona kila alichokiona yeye, isipokuwa tumbo.

Haki ya Mungu, hilo ndilo lililoniuma. Kutweta, udenda, kutetemeka, kujificha gizani, kukataa chakula, kumkoromea mgeni: ukimsimulia mtu kwa simu atakwambia huyo ni kichaa, muue. Mbwa mwenye kichaa naye hubadilika tabia, hutokwa udenda kwa kuwa koo linashindwa kumeza, huuma hata miti na mawe, mwisho huyumba na taya kulegea. Mama mdogo akamwekea bakuli la maji. Watasema akanywa, akameza vizuri, akalamba pua. Kila mtu akapumua. Lakini hapa lazima niwe mkweli: bwana mifugo, niliyekutana naye asubuhi, alinikanya nisiende mjini kutangaza kwamba mbwa akinywa maji basi ni salama. Mwenye kichaa anaweza kunywa, hasa mwanzoni. Kilichotakiwa kututuliza ni vingine: mimba yenye tarehe, mbwa anayemtambua mwenyewe, na kadi ya chanjo ambayo mama mdogo anaitunza pamoja na vyeti vya kliniki vya watoto wake. Kama mbwa humjui na humjui mwenyewe, kaa mbali, muite anayehusika. Na akikuuma, awe na mimba asiwe nayo, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na uende hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, kupona ni kama hakuna.

Haya, turudi kwenye digrii zetu. Rafiki yangu, ambaye mama yake ni nesi na hasafiri bila mfuko wa dawa, alikuwa na kile kipimajoto kidogo cha kubonyeza. Tukabishana. Vijana wakacheka mpaka wakakaa chini: mbwa apimwe homa! Mama mdogo akamshika kichwa, rafiki yangu akapima kule nyuma mahali panapopimwa. Usijaribu kwa mbwa usiyemjua, utarudi mjini na vidole vinne. Namba ikasoma 37.1.

Joto la kawaida la mbwa ni kati ya 38 na 39 na kidogo. Likishuka chini ya 37.8 kwa jike aliyefikisha siku zake, kwa kawaida uchungu unaanza ndani ya saa 12 hadi 24. Wanaofuga kwa makini hupima asubuhi na jioni wiki nzima ya mwisho ili waone lini limeanguka, maana kipimo kimoja pekee hakikwambii mengi. Sisi tulipima tukiwa tumeshachelewa, uchungu umeanza, ilikuwa kama kuangalia ratiba wakati treni iko mbele yako. Lakini baba mdogo alifurahi sana. Akaenda kusoma kipimajoto cha bani, akarudi: 37. "Leo mbwa na tumbaku wako sawa," akasema.

Kuhusu kitanda, nilijifunza tena. Nilileta gunia safi nikalitandika kwenye banda la kuchambulia tumbaku, mahali pakavu, hakuna upepo, nikajiona mtaalamu. Watasema akaja, akanusa, akarudi shimoni kwake. Nikamvuta, akarudi. Mama mdogo akanipokonya gunia akalipeleka kwenye shimo. Kisha akahamisha vijana: njia ya kuni ikapitia upande wa pili, taa ikapunguzwa, tochi za simu zikapigwa marufuku. Jike akisumbuliwa anaweza kusimamisha uchungu wake, na hapo ndipo matatizo huanzia.

Basi tukakaa mbele ya tanuri kusubiri. Sehemu hii ya kwanza, ya kuhangaika na kufukua, kwa kawaida huchukua saa 6 hadi 12, hata zaidi kwa jike anayezaa mara ya kwanza. Watasema alikuwa wa mara ya kwanza. Usiku ukawa mrefu, baba mdogo akaujaza.

Pale tulipokaa, alisema, ndipo ilipopita njia ya misafara, kutoka Bagamoyo kuja Tabora hadi Ujiji. Na aliyewahi kuifunga ni mwenyeji. Mtyela Kasanda, aliyezaliwa miaka ya 1840 hivi, akajipa jina la vita la Mirambo, yaani maiti. Mwaka 1871 hadi 1875 alipigana na Waarabu wa Tabora, na aliyetaka kwenda Ujiji ilibidi azunguke. Stanley alikuwa njiani kumtafuta Livingstone, akajitia upande wa Waarabu mwaka huo wa 1871, wakapigwa, akalazimika kuzunguka kusini kama kila mtu. Baadaye akamwita Mirambo Napoleon wa huku, na mwaka 1876 walipokutana wakachanjiana damu wakawa ndugu. Mirambo akafa Desemba 1884, lakini jina la Urambo lipo mpaka leo kwenye kibao cha stesheni.

Mimi nikauliza habari za mbwa, maana kichwani nilikuwa na kitu kimoja. Hapo rafiki yangu, ambaye husoma sana, ndiye aliyejibu. Stanley wa mwaka 1871 alikuja na mbwa wake aliyeitwa Omar. Alikufa mapema kwenye njia ya kutoka pwani, Tabora hakuiona. Safari ya pili alileta watano kutoka Uingereza. Mmoja baada ya mwingine wakafa, na wa mwisho, Bull, akafa mwaka huo huo wa 1876 kabla msafara haujafika Ujiji. Kijana mmoja akatema mate pembeni akasema, "Wa kizungu walikwisha wote. Huyu wetu yupo." Akaongeza gogo kwenye moto. Ni yule yule aliyeinua fito.

Baba mdogo akaendelea na karanga. Waingereza walikuja mwaka 1947 na mpango wao mkubwa wa karanga, Kongwa, Nachingwea na hapa Urambo, matrekta kama jeshi, na mwaka 1951 wakakunja virago. Karanga wakatuachia sisi tuungie nsansa, akasema, na mashamba yakaingia tumbaku. Nilitaka kuuliza zaidi lakini nyuma ya ukuta tukasikia sauti nyembamba, kama mlango wenye kutu.

Saa tisa kasoro usiku. Wa kwanza.

Alitoka ndani ya mfuko wake, kama mtu aliyefungwa kwenye nailoni. Watasema akaupasua kwa meno, akakata kitovu, akalamba kwa nguvu hadi nikaogopa atamkunja, na yule mdogo akapiga kelele. Kisha mama akala zalio. Ndiyo, alilila. Tumbo langu lilinigeuka, nsansa ikataka kurudi, lakini ndivyo walivyo, mwachie. Kazi ya mtu ni kuhesabu: kila mtoto na zalio lake, likibaki ndani linaleta maradhi. Kama mama amechoka asipasue mfuko, wewe upasue upesi puani, umfute mtoto na kumsugua kwa kitambaa kikavu mpaka alie.

Wa pili akaja baada ya dakika arobaini, akitanguliza miguu ya nyuma. Mimi nikashtuka, binadamu hilo ni jambo la chumba cha upasuaji. Mama mdogo akasema kwa mbwa ni kawaida, na bwana mifugo alilithibitisha kulipokucha: karibu wanne katika kila kumi huja hivyo. Wa tatu akaja baada ya saa nzima, jike mweusi mwenye soksi nyeupe. Ute wa kijani ukatoka. Kijana mmoja akaguna, mama mdogo akamwambia kijani baada ya mtoto wa kwanza haina neno. Kama ingetoka kabla hata mmoja hajazaliwa, hapo ungekimbia kutafuta msaada.

Halafu kukawa kimya. Mapumziko, tukadhani, jike anaweza kupumzika saa moja, hata mbili, akinyonyesha waliotoka, na hiyo si shida. Ila Watasema hakupumzika. Alianza kusukuma kwa nguvu, mgongo umejikunja, na hakuna kinachotoka. Dakika kumi. Ishirini. Akawa analia kidogo kidogo na kuwasahau watoto. Mama mdogo akanyamaza kabisa, na mtu aliyekuwa ananifundisha usiku kucha akinyamaza, nami ninaogopa.

Dakika thelathini zilipofika akasema, "Pigeni simu." Hiyo ndiyo mipaka: akisukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto, au ikipita zaidi ya saa mbili kati ya mtoto na mtoto na unajua bado wamo, huo si uchungu wa kusubiri tena.

Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Bwana mifugo wa karibu alipokea simu mara ya tatu, sauti ya usingizini. Akauliza maswali manne: siku ngapi, wametoka wangapi, anasukuma tangu lini, kuna kinachoonekana nje? Akasema mtembezeni taratibu uani, kisha mrudisheni. Kama kikionekana kitu msivute kwa nguvu. Na msithubutu kumchoma sindano ya kuongeza uchungu kutoka duka la dawa, kwa sababu mtoto akiwa amekwama, kizazi kitapasuka. Nilimwona baba mdogo akimtupia jicho kijana mmoja. Nadhani wazo hilo lilikuwa limeshapita mahali.

Alifika kwa pikipiki kumeanza kupambazuka, koti la mvua, mfuko wa glovu na mafuta ya kulainisha. Hakuongea mengi. Alipiga magoti kwenye gunia, mama mdogo kwenye kichwa, mimi nashika taa, mkono unacheza. Akasubiri Watasema asukume, ndipo akavuta, kuelekea chini, akatulia, akasubiri tena. Mtoto mkubwa, kichwa kikubwa, alikuwa amekuja kombo. Mara ya nne akatoka.

Akamsugua. Akamgeuza kichwa chini, akafuta mdomo, akasugua tena, muda mrefu kuliko nilivyotarajia kwa mbwa wa kijijini. Hakulia. Akamfunika na kipande cha gunia na kumpa baba mdogo.

Wa tano alikuja mwenyewe robo saa baadaye kana kwamba hakuna lililotokea. Alikuwa mzima. Bwana mifugo akapapasa tumbo, akasema kwisha. Wanne hai, mmoja amekufa. Mama mdogo, aliyekuwa ametabiri sita, akasema macho yake yamezeeka.

Tukiwa tunakunywa chai, bwana mifugo akatuachia jambo jingine. Wiki mbili tatu zijazo, watoto wakinyonya sana, angalieni kama mama anakakamaa miguu, anatetemeka na kuyumba. Watu huona hivyo wakasema kichaa tena. Mara nyingi ni mwili umeishiwa kalsiamu kwa ajili ya maziwa, na ni haraka: watoto waondolewe kwenye chuchu, daktari aitwe saa hiyo hiyo, anapona kwa sindano. Aliposema neno kichaa wote wakanigeukia. Nikaangalia kikombe changu.

Kiatu changu nilikikuta nyuma ya bani, kimelala pembeni ya gunia, Watasema akiwa amekiegemezea kidevu. Nilipokisogelea akanionyesha meno. Nikamwachia. Nilirudi Tabora mjini na kandambili za baba mdogo.

Miezi miwili baadaye rafiki yangu alipiga simu. Tumbaku ya bani lile imeshachambuliwa na kufungwa mitumba, paneli inafanya kazi, watoto wa Watasema wamegawanywa. Yule kijana wa fito ndiye aliyechagua kwanza, akamchukua jike mweusi mwenye soksi. Nikauliza amempa jina gani. Akacheka mpaka simu ikakatika, ikabidi nimpigie mimi.

Anaitwa Kichaa. Chanjo yake ni mwisho wa Mei.